Mipini ya Mistarini

Semboja wa Mbaruku alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita nchi ilipopata uhuru, na tangu siku ile raha ikamtoka. Wenzake pale Korogwe walicheza ngoma siku tatu, wakalala, wakaamka, wakarudi kukata mkonge kama kawaida. Yeye alirudi na neno moja kichwani. Wakubwa walikuwa wamesema Uhuru na Kazi, na watu wengi walilipokea neno hilo kama salamu ya njiani, unaitikia kisha unaendelea na safari yako. Semboja alilichukua kama swali aliloulizwa yeye peke yake, kwa jina lake na la baba yake. Uhuru ameuona kwa macho. Sasa kazi yake ni ipi?

Kukata mkonge hakukuhesabika. Alikwenda huko kwa sababu baba yake, Mzee Mbaruku wa Kang'ata, alikuwa amemchoka. Mzee alikuwa mkulima hodari, na mwanawe huyu wa pekee alikuwa akitumia asubuhi nzima kulima mstari mmoja wa mahindi, nao umepinda. Ukimwacha shambani, ukirudi unamkuta amekaa juu ya kisiki, jembe limelala miguuni, yeye ameshika kisu na kijiti anachonga. Alichonga tangu akiwa mdogo, mpaka mama yake akawa anamnyang'anya kisu kwanza ndipo amkaribishe chakula. Hakuna aliyeliita jambo lile kazi. Ilikuwa tabia tu, kama watu wengine wanavyong'ata kucha.

Huko kwenye mkonge walipewa visu vyenye mipini ya namna moja, minene, inayochubua kiganja kabla jua halijapanda. Wiki ya kwanza Semboja akang'oa mpini wa kisu chake, akatia mwingine wa mti wa mkole, mwembamba katikati, wenye kibonge kidogo pale kidole cha mwisho kinaposhika. Jirani yake kambini akauona, akaomba wake. Na jirani wa jirani naye. Mwaka ulipokwisha nusu ya kambi ilikuwa inakata mkonge kwa mipini ya Semboja, na kila mmoja ana wa kwake, usiomfaa mwingine. Hakuwadai kitu, na akishukuriwa alikuwa anaona haya, maana alifanya kwa starehe yake mwenyewe. Mtu hashukuriwi kwa kupiga miluzi.

Mwaka wa sitini na tatu akarudi Kang'ata kuposa. Msichana aliitwa Mwantumu, mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mama yake, Bi Fatu, alikuwa mjane, na kwa Bi Fatu mposaji alitakiwa kuleta jembe la binti, ili aonekane kama anajua mke anayemtaka ataishi kwa kazi gani. Semboja akaenda kwanza mikono mitupu. Akasimama uani, akamtazama Mwantumu kuanzia unyayo mpaka kitovu, akaitazama mikono yake, akazunguka akamtazama kwa ubavuni, kisha akaaga akaondoka. Bi Fatu, ambaye alikuwa anaona yote kutoka jikoni, akamwita mshenga siku ile ile akamwambia kijana wenu hana adabu, amemkagua mwanangu kama anayenunua mbuzi, na asirudi tena hapa.

Wiki moja baadaye jembe likaletwa na mshenga kwa kuogopa ogopa. Mwantumu akalichukua, akaenda nyuma ya nyumba, akalipiga ardhini mara tatu. Akasimama kidogo. Kisha akarudi akamwambia mama yake kwamba yeye amekubali. Bi Fatu alipomuuliza amekubali nini hasa kwa mtu yule, binti akaliegemeza jembe ukutani akaingia ndani, na akiwa amekwisha kukubali mama akasalimu amri. Lakini yale macho hakuyasamehe. Baada ya harusi heshima ya ukwe ikamsaidia kukaa naye mbali: wakikutana njiani Semboja alitoka akaingia majanini na kugeuza uso, na Bi Fatu akapita huku akitazama upande wa pili, kama inavyopasa mkwe na mkwe. Miaka kumi na zaidi walisalimiana kwa migongo.

Basi Semboja akaanza kuitafuta kazi yake. Naomba msimwone mvivu. Mvivu angekaa kitako. Yeye alihangaika mpaka watu wakamhurumia. Alikwenda Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana, akauza chai na mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi. Siku moja basi la Arusha lilisimama, likanguruma, likaondoka na abiria wenye njaa, na yeye hakuinua kichwa, kwa kuwa mama mmoja muuza uji alikuwa amemlalamikia kwamba mwiko wake unamuumiza kifundo, na alikuwa anamchongea mwingine. Akaingia Umoja wa Vijana wa chama, akajifunza gwaride. Mguu wa kushoto ulipoitwa yeye alitoa wa kulia, na kamanda akakosa usingizi kwa ajili yake. Lakini bunduki za mbao walizotumia kwa mazoezi alizichonga yeye, kila moja imekaa begani pa mwenyewe kana kwamba imezaliwa hapo, na gwaride la tawi lile likasifiwa mpaka Handeni mjini. Yeye hakuliona jambo hilo. Aliliona gwaride lililomshinda. Kwa fundi cherehani mmoja wa Korogwe alikaa miezi minne, akashona suruali moja, na mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake.

Kila aliporudi nyumbani alimkuta Mwantumu analima. Alimsaidia, vibaya, na wakati wa kupumzika alimuuliza kama yeye anadhani Mungu alimuumba mumewe kwa kazi gani. Mwantumu alikuwa anamjibu kwamba Mungu alimuumba ili ugali anaoupika yeye usibaki. Kisha wanacheka wote wawili. Lakini yeye alicheka nusu, na mkewe aliiona nusu iliyobaki.

Mwaka wa sabini na nne ukaja wa kuhama. Nyumba zilizotawanyika Kang'ata kila moja na shamba lake zikaachwa, watu wakapelekwa kwenye kijiji kimoja kipya, nyumba zimepangwa kwa kamba, safu kwa safu. Kijiji kilikuwa na jina rasmi, lakini watu walikiita Mistarini. Palikuwa na vumbi na manung'uniko, na wapo waliolia kwa ajili ya makaburi waliyoyaacha. Semboja mwenyewe alihama na tumaini. Alijiambia kwamba mahali ambapo kila kitu kinaanza upya, huenda na yeye ataonekana ni wa nini.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana wa Kishambaa aliyeitwa Habakuki, kutoka Mpale, Mkristo msafi wa mavazi na wa moyo, mwenye kuamini usawa kama wengine wanavyoamini mvua. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari kubwa akiandika kila mtu: jina, mke, watoto, kazi. Alimkuta Semboja mlangoni kwake na kisu mkononi, anamalizia mpini wa shoka la jirani. Akamwamkia, akamwandika jina, akamwandika Mwantumu, kisha akauliza kuhusu kazi. Watu wa nyumba zote za safu ile walikuwa wamejibu kwamba ni wakulima. Semboja aliona aibu kudanganya mbele ya mkewe, ambaye ndiye hasa mkulima.

"Andika kwamba bado natafuta," akasema.

Habakuki akamtazama, akatazama mikono yake, akaandika kidogo, akafunga daftari, akaenda nyumba inayofuata. Semboja hakujua kusoma. Ila alijua kwamba mtu asiye na kazi huachiwa nafasi tupu, na nafasi ile tupu ikaanza kumkaa rohoni. Jina la Bado Natafuta nalo likaenea kijijini kabla ya jua kuzama, maana jirani alikuwa amesikia, na watoto wakaliimba kisimani.

Jambo hilo lingebaki mzaha, isipokuwa kamati ya kijiji ilitangaza kwamba baada ya mvua za masika majina ya wasio na kazi yatasomwa hadharani, na watakaosomwa wataitwa kupe. Neno kupe siku zile lilikuwa zito. Mtu aliweza kusamehewa wizi wa kuku, lakini ukiitwa kupe mbele ya mkutano, hata mkeo anatembea ameinama. Semboja akawa anahesabu wiki zilizobaki kufika huko. Kusomwa mwenyewe angestahimili, lakini hakutaka Mwantumu akae pale mbele za watu na kulisikia.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tano yakaletwa majembe ya shamba la ujamaa, mia na ishirini, vyuma vitupu bila mipini. Semboja akaitwa kwenye kamati. Alidhani wamemwita kwa kuwa hana kazi, na mtu asiye na kazi hutafutiwa ya kumshughulisha. Mwenyekiti Athuman, mtu mwema na mrefu kuliko wote kijijini, akaweka ajenda mezani: mipini iwe ya kimo gani? Wengine walisema kila mtu achonge wa kwake. Hapo Habakuki akasimama, akaeleza kwa upole kwamba majembe ni mali ya wote, yatalala ghalani, na kila asubuhi mtu atachukua lolote. Kwa hiyo mipini lazima ilingane. Ikiwa mirefu na mifupi, watu wataanza kusema hili langu, na hili langu ndilo lililoharibu dunia. Wote wakaona maneno hayo ni ya haki kabisa. Likabaki swali la kimo. Kwa heshima ya Mwenyekiti mtu mmoja akapendekeza mpini upimwe kwake. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na kimo cha Mwenyekiti kikapita bila kupingwa.

Semboja naye aliinua mkono. Pale dirishani aliuona mgongo wa Bi Fatu akipita na ndoo, mwanamke mdogo kama binti wa darasa la tano, akajua litakalotokea. Lakini akaangalia mezani akawaona Mwenyekiti, Katibu, wajumbe, watu walio na kazi zao zilizoandikwa, na akajiuliza yeye Bado Natafuta atasimama aseme nini. Wakamkatia kijiti cha kipimo. Kwa wiki tatu akachonga mipini mia na ishirini ya mkole, imenyooka, laini, yote sawasawa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kuchonga kulimchosha.

Masika yakaanza. Siku ya kwanza walikwenda shambani wakiimba. Siku ya pili waliimba wachache. Ukiwa mfupi na mpini ni mrefu, kila unapopiga jembe ncha ya nyuma inakurudia mbavuni, na ukisogeza mikono mbele uzito wote unahamia mgongoni. Wanawake walirudi wakishika mbavu. Siku ya nne mtu mmoja, hakujulikana nani, alipunguza mpini kwa panga akafurahi, lakini asubuhi yake jembe lile likachukuliwa na mtu wa kimo kingine, akainama nalo mpaka adhuhuri akashindwa kunyooka. Kesho yake naye akachukua refu, akalikata kwa kimo chake. Kufikia mwisho wa wiki ya pili ghala lilikuwa na mipini ya kila urefu, na kabla ya jua watu walikuwa wanasukumana mlangoni kuwahi jembe lenye nafuu. Majirani wa safu moja waliacha kusalimiana. Wale waliokuwa wanalaani neno langu sasa walikuwa wanayaficha majembe ya wote chini ya vitanda vyao. Kisha wakaanza kuugua, leo watano, kesho ishirini. Magugu yakalishika shamba.

Mvua zilipokwisha, mkutano ukaitishwa asubuhi moja mbele ya ghala. Mwenyekiti Athuman alikuwa na hasira ya mtu asiyeelewa, kwa sababu yeye peke yake alikuwa analima vizuri na hakujua wenzake wanalalamikia nini. Habakuki akasimama na daftari na kusoma majina ya wasio na kazi. Walikuwa wanne. Semboja alikaa ameinamisha kichwa akisubiri la tano, na mkono wa Mwantumu ukawa juu ya goti lake. Katibu akafunga daftari. Semboja akadhani amesahauliwa, au amehurumiwa, na kuhurumiwa kulimuuma zaidi.

Mtu akasema kutoka nyuma kwamba ugonjwa wote umetokana na mipini, na aliyeichonga ndiye aulizwe. Mwingine akatamka neno hujuma. Watu wakageuka kumtazama Semboja. Hapo alikuwa na njia nyepesi sana. Angeweza kusema kwamba kipimo alipewa, na kura ilipigwa. Mwantumu alimtegemea aseme hivyo. Akasimama, bila kisu, na mikono ikawa haijui pa kukaa.

"Mwenyekiti, kosa ni langu," akasema. "Siku ile mnapiga kura mimi nilijua. Niliwajua wote waliopo hapa, nani ataumia mbavu na nani ataumia mgongo. Nilijua, na mkono nikauinua pamoja nanyi. Nilidhani kujua mipini si kitu cha mtu kusimama nacho mbele za watu."

Habakuki hakuwa mtu wa kumwonea mwingine, lakini usawa ulikuwa unamuuma, akauliza kwa dhati:

"Ndugu Semboja, tukianza kumpimia kila mtu mpini wake, usawa wetu utakuwa wapi?"

Semboja akamwomba Katibu afunue viganja vyake watu wavione. Habakuki alikuwa mfupi, na hakuwahi kukosa shambani hata siku moja. Akasita, kisha akafungua. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye kila kiganja, na damu imekauka juu yake.

"Usawa tulioupata ni huo," Semboja akasema. "Sote tumechubuka. Isipokuwa Mwenyekiti."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikazunguka, na Mwenyekiti Athuman, baada ya kujitazama viganja vyake vizima mbele ya watu wote, akacheka kuliko wote. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Bi Fatu alikuwa amesimama.

Alikuwa amekaa nyuma ya wanawake, mahali pa kutomwona mkwewe. Akatoka, akapita katikati ya watu polepole huku ameshika ubavu wa kulia, akaja mpaka mbele ya Semboja, hatua mbili. Semboja akageuka upande kwa mazoea, akatafuta majani ya kuingia, na pale mbele ya ghala hapakuwa na jani hata moja. Watu wazima wakashika midomo. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo.

"Nimekupa mgongo miaka kumi na miwili, baba," Bi Fatu akamwambia, na kwa kusema baba alikuwa anampa heshima ambayo hajawahi kumpa. "Nilisema ulimtazama mwanangu vibaya. Lakini kwa jembe ulilompa mwanangu hajawahi kushika mbavu. Mimi hapa nimeshika. Haya, nipime."

Semboja hakuweza kumtazama mkwewe usoni, na hakumtazama. Alipiga goti, macho yakiwa chini, akaitazama miguu ya mkwewe, miguu midogo iliyopasuka kisigino, na kivuli chake kilichosimama mbele yake juu ya vumbi. Akaomba apewe kijiti. Akakisimamisha ardhini, akamwomba mama aweke mkono wake pale unapopenda kukaa. Mkono wa Bi Fatu ukashuka ukashika kijiti, na Semboja akaweka alama chini ya kidole chake cha mwisho. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujaribu kuyaficha. Akakichukua kijiti kile chenye alama kama kitu cha thamani, akamkabidhi Mwantumu amshikie.

Wakajipanga wote siku ile ile, kuanzia Katibu. Kazi yenyewe haikuwa kubwa kama mnavyodhani, kwa sababu mipini mirefu hupunguzwa, na ile iliyokwisha kukatwa mifupi ilipewa watu wafupi, ikabaki kama arobaini tu ya kuchonga upya. Kila mpini akautia alama kitakoni, pengo, nukta au msalaba, na majembe yakaendelea kulala ghalani, mali ya wote, ila kila mtu asubuhi aliujua mpini wake kwa kupapasa. Mwenyekiti alibaki na wake wa awali. Magugu waliyashinda kwa shida, na mavuno ya mwaka ule yakawa ya kupata chakula tu, si ya kujisifia. Lakini waliorudi shambani walirudi wakiimba.

Baada ya hapo Semboja hakupumzika. Walikuja hata watu wa vijiji vingine, mwenye mkono mmoja dhaifu, mwenye kulima kwa shoto, mjamzito ambaye mpini wake ulitakiwa ubadilishwe kila mwezi. Semboja aliwatazama wakija njiani kutoka mbali, na walipofika alikuwa ameshachagua mti. Siku moja akiwa anapaka mpini mafuta alishtuka kwamba hajajiuliza lile swali lake tangu siku ya mkutano. Alijaribu kujiuliza, kwa mazoea tu, na halikumuuma.

Ila nafasi ile tupu kwenye daftari ilibaki. Hakuwa anaikumbuka kila siku, lakini akilipita ghala, ambako daftari lilihifadhiwa, alijua imo humo ndani. Kisomo cha watu wazima kilipoanza Mistarini, Mwantumu alitangulia, akafaulu mtihani mapema na kuanza kumsomea mumewe magazeti kwa majivuno. Yeye alichukua muda. Vidole vilivyozoea kisu viliikataa kalamu, akaikata akaitengenezea mpini wa mti, na kuanzia hapo akaandika.

Mwaka wa sabini na nane Habakuki akahamishiwa Korogwe mjini. Asubuhi ya kukabidhi ofisi Semboja akaenda kumuaga na jembe jipya aende nalo kwao Mpale, mpini wake umepimwa kwa kumbukumbu. Wakaongea. Kisha Semboja, kwa haya, akaomba ombi moja. Alitaka aione ile nafasi yake tupu, sasa kwa kuwa anajua kusoma na kuandika, aijaze.

Habakuki akatafuta ukurasa, akamgeuzia daftari. Semboja akaweka kidole juu ya karatasi, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama darasani. Semboja Mbaruku. Mke, Mwantumu. Kidole kikasogea. Kazi. Wino ulikuwa umepauka sawa na ule wa majirani wa juu na wa chini, wa siku moja, kalamu moja.

"Fun-di mi-pi-ni," akasoma.

Akasoma tena. Akamuuliza Katibu aliandika lini, na Habakuki akamjibu kwamba siku ile ile ya kwanza. Ndiyo maana kamati ilimwita mwanzoni mwa mwaka uliofuata, walipotafuta fundi wakaangalia daftari.

"Ulisema bado unatafuta," akasema Habakuki, "na mkononi una mpini unaumalizia. Mimi niliandika nilichokiona, kaka."

Semboja alirudi nyumbani hajui kama akasirike au acheke. Mwantumu alikuwa mlangoni anachambua mchicha, na mama yake Bi Fatu amekaa uani kwenye mkeka. Akamwambia mkewe alichokisoma. Mwantumu akaendelea kuchambua. Akasema yeye alikisoma mwaka juzi, wiki aliyofaulu mtihani, alipopelekwa ghalani kusaidia hesabu ya watoto.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniamini?" Mwantumu akauliza. "Mimi nilijua kabla hata ya huyo Katibu. Siku ile uliponikagua pale kwa mama, yeye alidhani unanitazama vibaya. Nilipolipiga lile jembe ardhini nikajua ulikuwa unanipima. Nikasema mtu anayenitazama namna hii sitamwacha apite."

Bi Fatu kutoka mkekani akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesikia na hataki kuonekana amesikia.

Jembe lile lilikuwa limeegemea ukuta, lile lile la mwaka wa sitini na tatu. Chuma kilishabadilishwa mara mbili, mpini ni ule ule, umekolea jasho la miaka kumi na mitano mpaka umekuwa mweusi pale mikono inapokaa. Semboja akauchukua akautikisa, akaupima kwa jicho, akamtazama mkewe aliyekaa kwenye kigoda. Mwantumu hakuwa tena yule msichana wa uani. Mgongo ulikuwa umeanza kuinama kidogo, bega la kushoto limeshuka, na yeye aliyekuwa akipima wilaya nzima hakuwa ameliona.

"Huu haukutoshi tena," akasema. "Simama nikutazame."

Mwantumu akaweka mchicha chini, akafuta mikono kwenye khanga, akasimama. Bi Fatu akageuka na mkeka wake, akawapa mgongo.

Semboja akaanza kumtazama upya, kuanzia unyayo.